Namba Iliyosingiziwa Utasa

Hisabati ya darasa la sita tuligawana watu wawili. Mimi nilichukua mkondo A, na mkondo B akapewa mwalimu mgeni aliyehamia kwetu kutoka Igunga, Msukuma mrefu, mpole wa sauti, ambaye kila asubuhi alifuta vumbi la baiskeli yake kabla hajafuta la viatu vyake. Shule iko mjini Tabora, na kutoka nyumbani kwetu Kanyenye nilikuwa naenda kwa miguu. Yeye alipanga chumba upande wa Kitete. Muhula mzima ukapita hatujaambiana zaidi ya "habari za asubuhi, mwalimu" na "nzuri, mwalimu."

Kilichotufungua midomo ni zoezi la wiki. Ilikuwa zamu yangu kutunga maswali ya mikondo yote miwili, na mada ilikuwa namba tasa. Kwa ambaye hesabu za shule zimeshamtoka: namba tasa ni ile ambayo haigawanyiki bila kubakiza, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Tano ni tasa, saba ni tasa. Sita si tasa, maana ni mbili mara tatu. Swali la mwisho nilitaka namba kubwa ya kuwatisha watoto kidogo. Vidole vikateleza tu kwenye kompyuta ya ofisi, kuanzia moja hadi saba, ikatokea 1,234,567. Nikaandika: "Onesha kuwa namba hii si tasa." Mimi mwenyewe sikuwa nimeikagua. Niliona tu kwamba namba ndefu namna ile haiwezi kukosa wa kuigawa.

Saa ya chai yule mwalimu akaja mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Samahani, mwalimu. Swali hili la mwisho sijalielewa."

"Lina nini?"

"Unawaambia watoto waoneshe kuwa si tasa. Mimi naona ni tasa."

"Umeigawa?"

"Kwa mbili na tano haigawanyiki, inaishia na saba. Kwa tatu haigawanyiki, ukijumlisha tarakimu zake unapata ishirini na nane. Kwa saba inabakiza tano. Kwa kumi na moja inabakiza nne. Kwa kumi na tatu inabakiza tisa."

"Ukaishia hapo?"

"Nikaishia hapo kengele ilipolia." Akatabasamu. "Lakini sura yake ni ya tasa."

Walimu wenzetu wakacheka. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye bomba la maji uwanjani, akaweka kikombe chini na kuuliza tangu lini namba ikawa na sura. Mwalimu wa Sayansi akatoa simu, akataka kutumaliza papo hapo. Yule mgeni akamshika mkono.

"Tafadhali, mwalimu, usituharibie. Simu itatupa jibu, sisi tunataka ubishi."

Nadhani ni pale nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Swali nikaliondoa kwenye zoezi, kisha tukakubaliana kulimaliza wenyewe, kwa kalamu, bila simu wala kikokotoo. Kazi haikuwa ndogo, lakini haikuwa ya kukatisha tamaa. Namba ikigawanyika katika sehemu mbili zinazozidishana, lazima moja kati ya hizo iwe ndogo kiasi, maana zote mbili zikiwa kubwa zao lao litaipita namba yenyewe. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba 1,111 ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1,234,321, pungufu kidogo tu ya namba yetu. Kwa hiyo tulitakiwa kuijaribu kwa namba tasa zote zilizo chini ya 1,111. Ukifika huko hujapata, basi haina mgawaji, ni tasa kweli. Namba hizo ni karibu mia mbili. Tukagawana: zinazoishia na moja na tatu ziwe zangu, zinazoishia na saba na tisa ziwe zake.

Wiki kadhaa zikaenda hivyo. Saa nne tunakunywa chai, tunakula mihogo ya kukaanga, tunagawanya. Yeye alikuwa na tabia ya kuimba puani akigawanya, na wimbo ukikatika ghafla nilijua amekosea kutoa. Mimi nilikuwa nang'ata kofia ya kalamu. Tulijifunza mambo ya kuchekesha kuhusu ile namba. Kwa mfano, ilikuwa na tabia ya kutuchezea: unaigawa, inakaribia, unaona kabisa inaisha, mwisho inakubakizia moja au mbili, kama mtu anayefunga mlango mguu wako ukiwa kizingitini. Siku niliyoigawa kwa 643 ikanibakizia saba tu, nilikasirika nikaifuta meza nzima kwa mkono wa gauni, na yeye akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Mazungumzo yakatoka kwenye baki, yakaenda kwenye mengine. Nikajua kwao ni Choma, wilaya ya Igunga, wakulima na wafugaji, ukoo ambao Waislamu na Wakristo wamechanganyika mpaka sikukuu zote ni zao. Yeye ni Mwislamu kwa sababu babu yake alikuwa Mwislamu. Naye akajua mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kwamba aliyenilea ni shangazi yangu, dada wa baba, tunayekaa naye mpaka leo. Baba yangu ni fundi cherehani. Anashona barazani, nje ya nyumba: kanzu, sare za shule, suti za maharusi. Hupenda kuwaambia wateja kwamba babu wa babu yetu alifika Tabora na msafara kutoka pwani, kabeba mzigo wa mtu mwingine kichwani, akautua hapa na kukataa kuubeba tena. "Sisi," humalizia, "ni kizazi cha mtu aliyechoka."

Mimi nilimaliza sehemu yangu kwanza. Hakuna hata moja iliyoigawa. Nikamwambia yeye amalize yake tujue moja. Akasema atanipa jibu Jumamosi, na kwamba, kama sitaona vibaya, angependa kulileta nyumbani. "Nimsalimie na mzee," akasema, huku akitazama baiskeli yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikamwambia Shangazi kuwa Jumamosi kuna mwalimu mwenzangu atapita baada ya alasiri, ana jambo la kazi.  Shangazi alitoa zulia nje, akalikung'uta kwa nguvu ambazo jambo la kazi halizihitaji.

Jumamosi akafika, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alileta mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, kutoka kwa mama yake. "Shikamoo, mzee." Baba akaitikia marahaba, akamwonesha kiti, akaendelea kushona kwa sababu alikuwa na suti ya harusi ya kesho yake. Mimi nikakaa kwenye mkeka. Shangazi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Cherehani ilikuwa inanguruma, inanyamaza, inanguruma.

Hapa lazima nieleze kilichosemwa na kilichosikika, maana ni vitu viwili tofauti.

Kilichosemwa ni hiki. Aligeukia kwangu, lakini kwa heshima akasema kwa sauti ili baba naye asikie: "Ile namba nimeijaribu kwa kila njia. Nimepitia sehemu yangu yote mpaka mwisho. Ni tasa. Tangu siku ya kwanza nilihisi, ila sikutaka kuja kusema hapa mbele ya mzee bila kuwa na uhakika."

Kilichosikika nyuma ya pazia, cherehani ikiwa imemeza nusu yake, ni: "Nimejaribu kila njia... Ni tasa... Tangu siku ya kwanza nilihisi... sikutaka kuja kusema mbele ya mzee bila kuwa na uhakika."

Pazia likafunguka kwa kishindo. Shangazi akatoka na mwiko mkononi, mwiko una ugali.

"Wewe kijana! Mwanangu umempima wapi?"

Mwalimu akasimama. "Shikamoo, mama. Kumpima nani?"

"Usinipe shikamoo! Umemjaribu kila njia? Unakuja barazani kwa kaka yangu, umevaa shati safi, kumwambia binti yake ni tasa?"

"Mama, ni namba..."

"Namba gani? Nani kakufundisha kuhesabu wanawake?"

Baba alisimamisha cherehani akauliza kuna nini. Mimi nilikuwa nasema "Shangazi, Shangazi," lakini hakuna aliyenisikia. Mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akichambua mchele nje, akaja na ungo wake mkononi ili asipitwe. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba haigawanyiki, kwamba ni milioni moja na laki mbili na elfu kadhaa, na kila alipotaja tarakimu Shangazi alizidi kuwaka, akidhani sasa anatajiwa mahari. Mwishowe alifanya kitu pekee ambacho mtu mwenye adabu angeweza kufanya mbele ya mwiko. Akamwomba baba radhi, akapanda baiskeli, akaondoka, ugali umemganda begani.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaingia ndani nikamkuta Shangazi amekaa kwenye kigoda. Hasira ilikuwa imeisha, machozi yalikuwa karibu, na hayo ndiyo yaliyonizuia kumfokea.

Nilijua habari zake, ila juu juu. Aliolewa Nzega akiwa binti. Akakaa huko miaka mingi bila kupata mtoto, mumewe akaongeza mke, na watu wa nyumba ile wakaacha kumwita kwa jina lake. Siku hiyo ndiyo nilipojua walimwita nini. "Mkwe wangu alikuwa akinituma maji kwa neno hilo," akasema. "'Tasa, lete maji.' Mbele ya wageni. Nikarudi kwa kaka yangu, nikakukuta wewe unatambaa, nikasema alhamdulillah, hapa halitatamkwa tena. Leo linatoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuja na matobolwa."

Nikakaa chini karibu naye. Nikamweleza kwamba tasa ni jina la namba, lipo kwenye kitabu cha shule, na kwamba tangu mwanzo hadi mwisho yule bwana alikuwa anazungumzia 1,234,567.

"Hakukusema wewe?"

"Hakunisema mimi."

"Na hizo milioni hazikuwa mahari?"

"Shangazi, mwalimu wa shule ya msingi atazitoa wapi?"

Akaanza kucheka taratibu, kisha kicheko kikamshinda, akajifunika uso kwa kanga. Akakumbuka ugali begani kwa mgeni, akacheka upya. Baba akachungulia, akaona tunacheka, akarudi kwenye suti yake bila kuuliza. Lakini Shangazi alipofuta macho akaniuliza:

"Aliyezipa namba jina hilo hakuona neno lingine?"

Miaka yote niliyofundisha mada ile, nikiandika neno lile ubaoni kwa herufi kubwa, halikuwahi kunigusa. Nikasema sijui. Akasema basi nimwoneshe hizo namba zina kosa gani.

Jikoni kulikuwa na sinia la karanga mbichi. Nikahesabu kumi na mbili, nikazipanga kwenye mkeka: safu tatu za nne nne. Nikazipanga tena: safu mbili za sita sita. Akaona. Nikaongeza moja, zikawa kumi na tatu, nikamwambia azipange yeye. Akajaribu mbili mbili, moja ikabaki. Akajaribu tatu tatu, moja ikabaki. Nne nne, moja ile ile. Tano tano, zikabaki tatu. Akazitazama kwa chuki ya kirafiki.

"Hazikubali."

"Hazikubali safu yoyote, isipokuwa ukizipanga mstari mmoja. Hiyo ndiyo tasa."

"Huyo si tasa," akasema. "Huyo ni mkaidi." Akaendelea na kumi na saba, kisha kumi na tisa, akizitukana kwa upole, na tangu siku ile kwake zikawa namba kaidi. "Na hiyo ya mwenzio ni kaidi kweli, au anajisemea tu?"

Karatasi za mwalimu zilikuwa bado barazani, zimelala chini ya mfuko wa matobolwa, maana alikimbia bila kuzichukua. Nikazileta. Nilikuwa naziangalia ili nimtetee, nimwoneshe Shangazi jinsi mtu yule alivyojituma. Mwandiko safi, kila mgawanyo umepigiwa mstari. 97, 107, 109. Sehemu yangu ilikuwa na 113. Kisha kwake ikafuata 137.

Nikarudi juu. 109, halafu 137.

Baada ya 113 huwa kuna nyika ndefu isiyo na namba tasa hata moja. Unapita 115, 117, 119, 121, 123, 125, zote zinagawanyika, mpaka mtu anachoka. Mwenzangu alichoka. Akaruka nyika nzima na kutua upande wa pili, na mwisho wa nyika ile, peke yake, ilikuwa imesimama 127, inaishia na saba, fungu lake, haijaguswa.

"Shangazi, nipe kalamu."

Nikaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo ya baba. 127 mara elfu tisa. Nikatoa. Mara mia saba. Nikatoa. Ikabaki 2,667. Nilikwisha kuzoea kuchezewa na namba ile, nikategemea inifungie mlango kama siku zote. 127 mara ishirini na moja. Nikazidisha polepole: 2,667.

Sifuri.

Nilipiga kelele. Shangazi, ambaye hakujua kilichotokea lakini alijua kelele ya furaha, akapiga kigelegele. Mama wa nyumba ya pili akarudi na ungo. Baba akaingia na futi yake shingoni, akauliza sasa ni nini tena, na Shangazi akamjibu kabla yangu: "Ile namba si tasa!" Baba akasema alhamdulillah, akarudi kushona. Sijui mpaka leo alielewa kiasi gani.

Namba yetu ilikuwa 127 mara 9,721.

Nilitaka kumpelekea habari Jumatatu mwenyewe, kimya kimya. Shangazi akakataa. Aliyemfukuza ni yeye, akasema, na atakayemrudisha ni yeye. Jumatatu saa ya chai tukasikia hodi mlangoni pa ofisi ya walimu, na hapo akasimama Shangazi, amevaa doti mpya ya kanga na viatu vya Idi. Mwalimu mkuu akamkaribisha akidhani ni mzazi mwenye malalamiko.

"Nimekuja kumwona mwalimu niliyempiga mwiko," Shangazi akasema.

Ofisi nzima ikageuka. Mwalimu wa mkondo B akainuka, na nikaona macho yake yanapima umbali wa dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nisamehe. Nilisikia vibaya." Kisha akashindwa kujizuia. "Lakini na wewe ulikosea. Namba yako imezaa."

"Imezaa?"

"Pacha. Mmoja mdogo, mmoja mnene."

Mwenzangu akanitazama mimi. Nikamwekea karatasi mbele. Alisoma mstari wa kwanza, akajipiga paji la uso. "Mia moja ishirini na saba! Nimemruka!" Akazidisha upya mwenyewe, akiimba puani, na wimbo haukukatika. Mwalimu mkuu alicheka mpaka watoto wa bombani wakaja dirishani. Mwalimu wa Sayansi akasema angalituambia tangu mwezi ule, na hakuna aliyemjali.

"Na huyu mnene, 9,721," nikamwambia, "bado hatujui kama naye anagawanyika. Tuanze upya?"

Akafikiri, kisha akatikisa kichwa, na hapo nikamwona akirudishiwa heshima yake. "Hakuna haja, mwalimu. Kitu chochote kinachomgawa yeye kingeigawa na namba kubwa. Na zote ndogo tumeshazijaribu kwenye ile kubwa, zikashindwa. Huyu akigawanyika, kimoja kati ya vigawo vyake lazima kiwe chini ya mia. Hakipo. Kwa hiyo ni ta..." Akamtazama Shangazi. "Ni..."

"Kaidi," Shangazi akamsaidia.

"Ni kaidi, mama. Wote wawili ni wakaidi."

Akaalikwa chakula Jumapili. Shangazi alipika wali wa nazi, kuku, na uyoga wa msituni ambao aliuficha kwa ajili ya Idi. Baada ya kunawa, baba akamtazama mgeni juu ya miwani yake na kumuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kipimo cha bega: "Mwalimu, hapa unakuja kwa ajili ya namba au kwa ajili ya binti?"

Mimi nikajifanya nakusanya sahani.

"Mzee, nilianza na namba," akajibu. "Namba imekwisha, na mimi bado nataka kuja."

Baba akasema hilo ni jibu la mtu mzima, walete wazee wake.

Wazee wakaja, na mambo ya wazee yakaenda kwa utaratibu wao. Nikaoa, kama wanavyonitania wenzangu wa ofisini kwamba ni mimi niliyeoa. Nikahi ilifungwa nyumbani Kanyenye, baba akishona suti ya mkwe wake hadi dakika ya mwisho na kumchoma pini mara kwa mara, na Shangazi akicheza kwenye uwanja wa nyuma mpaka akavua viatu.

Jambo moja likabadilika darasani. Kila mwaka nikifika kwenye mada ile, naandika ubaoni jina la kitabuni, kisha nawaambia watoto kwamba kuna mtu wa mji huu anaziita kaidi, na kwamba sababu zake ni nzuri. Wanalipenda neno hilo kupita kiasi. Mwaka mmoja, kwenye mtihani wa pamoja wa shule za jirani, nusu ya darasa langu wakajibu "namba kaidi," na msahihishaji wa shule nyingine akawapiga mkasi wote. Ilibidi niende na mume wangu kumweleza. Alitusikiliza, akacheka, akawapa maksi zao, na kutuomba tuwakumbushe watoto kwamba mtihani wa taifa hauna Shangazi.

Mara ya kwanza kwenda Choma kama mke, tulitoka Tabora alfajiri kwa basi la Nzega, tukabadilisha gari, na mwendo wa mwisho tukaumaliza kwa bodaboda mbili, yeye na mizigo kwenye moja, mimi na maua ya plastiki ya kumpelekea mama mkwe kwenye nyingine. Nilizaliwa mjini. Ng'ombe nilikuwa nawajua kwenye bucha. Nyumbani kwao nilikuta boma la ng'ombe lililo kubwa kuliko uwanja wetu wa shule, na mama mkwe ambaye Kiswahili chake ni cha salamu na sala tu. Mengine yote kwake ni Kisukuma. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, na kabla sijamaliza maji akanipa kibuyu kikubwa cha maziwa yaliyoganda, akaonesha kwa ishara kwamba nisuke mpaka siagi itoke.

Nikasuka. Mikono ikaanza kuuma mapema, lakini nilikuwa naangaliwa na ukoo mzima, nikakaza. Nilibadilisha mkono, nikabadilisha goti, nikapiga hata bismillah. Maziwa yalinirukia usoni. Mama mkwe akasema kitu kirefu kwa Kisukuma, na wote waliokuwa uani wakacheka.

"Anasemaje?" nikamuuliza mume wangu.

"Anasema una mkono mzuri."

Wifi yangu, aliyekuwa akimenya viazi, akainua kichwa. "Muongo huyo, wifi. Mama amesema unasuka kama mtu anayefukuza nyuki."

Mama mkwe akaona siri imetoka, akacheka kwa meno yaliyobaki, akaja akakaa nyuma yangu kwenye mkeka. Akapitisha mikono yake chini ya yangu, akashika kibuyu, na tukaanza kukiyumbisha pamoja, polepole, kwa mwendo wake, mpaka nikasikia ndani kitu kizito kinaanza kugonga.